Marumaru Inayolika: Maganda ya Vitunguu na Mayai ya Pasaka

Ganda la yai la kuku na jiwe la marumaru vimeumbwa kwa madini yale yale. Sehemu kama 95 katika kila 100 za ganda ni kalsiamu kaboneti, ile ile iliyomo kwenye mawe ya chokaa na kwenye matumbawe yaliyojengewa majumba ya kale ya Lamu na Unguja. Marumaru ikiwa safi kabisa ni nyeupe pepe. Ile michirizi inayotuvutia sakafuni na ukutani, ya kijivu, ya njano na ya kahawia, ni uchafu wa asili: chuma, udongo na madini mengine yaliyonaswa ndani ya jiwe lilipokuwa likigeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Kwa hiyo anayechukua yai jeupe akalitia rangi isiyo sawa, hapa imekolea, pale imefifia, kwingine imekatika ghafla, anafanya jikoni kwa saa moja kitu kinachofanana sana na kile ambacho ardhi huchukua mamilioni ya miaka kukifanya, tena juu ya madini yale yale. Ndiyo maana pambo hili hulikaa yai vizuri kuliko maua ya kubandika au picha za katuni.

Njia za kulipata pambo hilo ni nyingi. Wapo wanaochovya yai kwenye rangi ya chakula iliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Wapo wanaolibingirisha kwenye povu la kunyolea ndevu lililodondoshewa rangi, au kulizamisha katika maji ambayo juu yake inaelea rangi ya kucha. Wengine hulitikisa ndani ya kopo lenye mchele uliotiwa rangi. Viwanda navyo vimo katika biashara hii tangu miaka ya 1880, pale mfamasia William Townley wa Newark, New Jersey, alipoanza kuuza paketi za rangi ya unga ya kutilia mayai kwa senti 5. Kabla ya hayo yote palikuwa na maganda ya vitunguu, na mpaka leo yapo. Hoja yangu ni kwamba njia hiyo kongwe ndiyo bora kwa nyumba ya kawaida, iwe Riga, Cairo au Morogoro. Ukongwe peke yake hausemi kitu. Mambo mengi ya kale yaliachwa kwa sababu nzuri. Hili linastahili kubaki kwa kuwa michirizi yake hutokana na ganda lenyewe na jinsi linavyoguswa, kwa kuwa yai linabaki chakula, na kwa kuwa malighafi yake ni kitu tunachokitupa kila siku.

Tuanze na ganda, maana hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Kuku hutumia saa kama 20 kulijenga, na lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kati ya 7,000 na 17,000 kwa yai moja, ambavyo kifaranga angevitumia kupata hewa. Juu ya ganda kuna utando mwembamba ambao sehemu yake kubwa ni protini, nao huzuia vijidudu kuingia. Rangi haigusi chokaa kwanza. Inaugusa utando huo. Hapa ndipo siki inapopata kazi. Tia yai kwenye siki na utaona viputo vikianza kupanda mara moja: asidi inakula chokaa na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Wakati huohuo asidi inazipa protini za utando chaji chanya ya umeme, na kwa kuwa rangi nyingi za chakula zinazouzwa madukani zina chaji hasi, viwili hivyo hushikana. Bila siki, rangi ya dukani hubaki hafifu na huoshwa kirahisi. Maganda ya vitunguu yana tabia tofauti. Rangi yake kubwa ni kwersetini, kemikali ya njano inayopatikana pia katika mimea mingine mingi, na katika vitunguu vyekundu huongezeka rangi za jamii ya zambarau zinazoitwa anthosiani. Mchanganyiko huo hung'ang'ania ganda hata pasipo siki, ingawa kijiko kimoja huukoleza. Ukichemshia kwenye chungu cha chuma, rangi hugeuka kuwa nzito yenye weusi, kwa sababu kwersetini na chuma hupatana kwa namna yake. Kwa maneno mengine, jikoni tayari pana rangi iliyo kamili, na haikuhitaji kiwanda.

Historia inaunga mkono jambo hili kwa namna ya kushangaza kidogo, maana watu wa mahali palipoachana sana wamefikia jibu moja. Kaskazini mwa Uingereza, katika Lancashire na Cumbria, mayai ya Pasaka yalikuwa yakivishwa maganda ya vitunguu na kuchemshwa mpaka yapate madoa ya dhahabu na kahawia, na kila Jumatatu ya Pasaka familia hukusanyika Avenham Park mjini Preston kuyabingirisha kwenye mteremko. Katika kijiji cha Grasmere, jumba la kumbukumbu la mshairi William Wordsworth linahifadhi mayai yaliyopambwa kwa ajili ya watoto wa familia yake katika karne ya 19. Latvia wana utaratibu wao: yai huvishwa majani mabichi, petali za maua na punje za nafaka, kisha maganda ya vitunguu, kisha kitambaa. Misri nako, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti, taifa zima huadhimisha Sham el-Nessim, sikukuu ya majira ya kuchipua. Waislamu na Wakristo kwa pamoja huenda bustanini na kando ya Nile wakiwa na samaki wa kuvundikwa, vitunguu vya majani na mayai yaliyotiwa rangi, na maganda ya vitunguu ni moja ya rangi zake za asili. Sababu ya mapatano haya si vigumu kuiona. Kitunguu kikavu hukaa ghalani miezi mingi, ganda lake hujikusanya jikoni bila kutafutwa, na Pasaka inapofika kaskazini ya dunia mashamba bado hayajatoa maua ya kutosha kutengenezea rangi.

Kazi yenyewe inahitaji mikono miwili na subira kidogo. Chukua yai bichi lisilo na ufa, na kama limetoka kwenye friji liache nje kidogo lipoteze ubaridi, la sivyo litapasuka likikutana na moto. Lipanguse kwa kitambaa chenye siki kuondoa mafuta ya vidole. Tandaza kipande cha kitambaa chembamba, cha ukubwa wa leso ya mkononi, ukiloweshe kwanza. Panga juu yake maganda makavu ya vitunguu, ya njano na mekundu yakichanganyika, mengine mazima na mengine yamekatwakatwa. Weka yai katikati, na kama unapenda, bandika jani moja la kotimiri kwenye ganda kabla ya kulivisha, maji yatalishikilia. Kunja kitambaa, kaza kwa nguvu, zungushia uzi pande zote kama mtu anayefunga mzigo, kisha funga. Weka kwenye sufuria ya maji baridi pamoja na konzi nyingine ya maganda na kijiko kimoja cha siki. Moto uwe wa wastani. Maji yakianza kuchemka, punguza moto na hesabu dakika 10 hadi 12, halafu epua na uliache yai ndani ya maji hayo hayo kwa saa moja. Wengi hukosea hapa kwa kuongeza muda wa kuchemsha wakitafuta rangi iliyokolea. Rangi hukolea kwa kulowekwa. Kuchemsha kupita kiasi kunakifanya kiini kivikwe pete ya kijani-kijivu, matokeo ya chuma cha kiini kukutana na salfa ya ute, na ladha nayo inaharibika.

Fungua kitambaa na uangalie kwa makini, maana kila alama ina sababu yake. Pale ganda la kitunguu lilipobanwa barabara dhidi ya yai, rangi ni ya kutu nzito, karibu nyekundu. Pale ganda lilipojikunja na kuacha mwanya, maji ya rangi yaliingia taratibu, na umepata njano ya asali. Ukingo wa kila ganda umeacha mstari mwembamba uliokolea, kwa sababu hapo rangi ilijikusanya kama inavyojikusanya pembeni mwa doa la chai linalokauka. Mishipa midogo ya ganda la kitunguu, ile mistari inayokimbia kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye mizizi, mara nyingine huchapika yenyewe juu ya yai. Jani la kotimiri limeacha kivuli chake cha rangi hafifu, meno yake yote yakihesabika. Na uzi ulipokaza sana, kitambaa kimechapa nyuzi zake. Lipanguse yai, lipake tone la mafuta ya kula kwa ncha ya kidole, na kile kilichoonekana kuwa kahawia ya kawaida kinapata kina na mng'ao. Hakuna mayai mawili yatakayofanana, hata yakitoka sufuria moja, kwa kuwa hakuna namna ya kukunja maganda mara mbili kwa jinsi ile ile.

Mshindani mkubwa wa njia hii ni ile ya mafuta na rangi ya chakula, nayo inastahili kuelezwa kwa haki kwa sababu inafanya kazi vizuri. Nusu kikombe cha maji ya moto, kijiko cha chai cha siki na matone 10 hadi 20 ya rangi hutosha kwa rangi ya kwanza. Yai lililokwisha kuchemshwa linachovywa kwenye rangi nyepesi, tuseme njano, linakaushwa, halafu linachovywa upesi kwenye bakuli la rangi nzito, tuseme buluu, lililotiwa kijiko kikubwa cha mafuta na kukorogwa kwa uma. Mafuta na maji havipatani. Kila tone la mafuta linaloligusa ganda linazuia buluu isifike hapo, na njano inabaki. Kanuni hii msomaji wa Afrika Mashariki anaijua vizuri kwa jina la batiki: nta inalinda kitambaa, rangi inashika pale ambapo nta haipo. Waukraine wanaitumia kanuni hiyo hiyo kwa ustadi wa hali ya juu kwenye mayai yao yanayoitwa pysanka, wakichora kwa nta ya nyuki na kuchovya rangi juu ya rangi, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Yai la mafuta ni ndugu mdogo wa pysanka. Udhaifu wake ni kwamba sehemu kubwa ya uzuri inatoka kwenye chupa ya rangi, si kwenye ganda, na sekunde mbili za ziada ndani ya bakuli hutosha kuugeuza mchoro kuwa tope la kijani. Mwenye rangi na mikono myepesi atafurahi. Mwenye watoto watatu wanaogombea bakuli moja atapata mayai ya kijani.

Njia ya povu la kunyolea na ile ya rangi ya kucha naziweka kando kabisa kwa mayai ya kuliwa. Zinapendeza kwa macho, na ya pili inatumia fizikia nzuri, ileile ya ebru, sanaa ya Waturuki ya kuelesha rangi juu ya maji na kuichapa kwenye karatasi. Lakini povu la kunyolea lina sabuni na manukato, rangi ya kucha ina viyeyusho vikali, na tumekwisha kuona kwamba ganda la yai lina vitundu maelfu, ambavyo utando wake wa kinga umelainishwa na siki. Kitu kisichofaa kuingia mdomoni hakifai kupakwa kwenye yai litakalomenywa na mtoto mwenye njaa. Mwenye kuzitaka njia hizo atoboe yai ncha zote mbili, apulize vilivyomo ndani kwenye bakuli avikaange, kisha apambe kaka tupu la kuwekwa kabatini. Tahadhari hiyo hiyo inahusu rangi za unga zinazouzwa sokoni kwa ajili ya ukili wa mikeka na vikapu, pamoja na rangi za nguo. Zinakolea sana na bei yake ni nafuu, lakini hazikutengenezwa zikilenga chakula, na hakuna siki itakayozibadilisha. Hata miongoni mwa rangi zilizoruhusiwa kwenye chakula mambo hubadilika: Januari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilifuta idhini ya rangi nyekundu namba 3, iliyotumika kwa miongo mingi kwenye peremende na keki. Ganda la kitunguu halina mjadala huo, kwa sababu tunakula kitunguu chenyewe.

Pingamizi la kwanza linalosikika ni la rangi: maganda ya vitunguu hutoa kahawia na njano tu, na Pasaka inataka furaha, inataka waridi, buluu na zambarau. Sehemu ya pingamizi hili ni kweli. Atakayetaka buluu ya mbingu hataipata kwenye kitunguu. Ila jikoni hamna kitunguu peke yake. Kabichi nyekundu iliyokatwakatwa na kuchemshwa hutoa maji ya zambarau, na yai jeupe lililolowekwa humo hugeuka buluu, kwa sababu anthosiani hubadili rangi ikikutana na chokaa ya ganda. Manjano ya unga hutoa njano kali, bitiruti hutoa waridi iliyofifia, na maua makavu ya rosela hutoa rangi iliyo kati ya buluu na kijivu, jambo ambalo humshangaza kila anayetarajia wekundu wa juisi yake. Yai linaweza kulowekwa kwanza kwenye manjano kisha likavishwa maganda mekundu ya vitunguu vya Mang'ola au Singida, likatoka na michirizi ya kutu juu ya dhahabu. Nakubali kwamba rangi hizi ni za upole. Ninachokataa ni dai kwamba upole ni kasoro. Marumaru yenyewe ina rangi za udongo, na michirizi huonekana vizuri zaidi pale ambapo rangi mbili zinakaribiana kuliko pale zinapopigana.

Linalofuata ni la msomaji wa kwetu hasa: mayai yetu mengi si meupe. Yale ya trei yanayouzwa dukani mara nyingi ni ya kahawia, na ya kienyeji ni ya rangi ya chai ya maziwa au hata mchanganyiko. Kwa rangi ya dukani hili ni tatizo la kweli, kwa maana buluu juu ya kahawia hutoa rangi isiyo na jina, na waridi humezwa. Kwa maganda ya vitunguu tatizo linapungua sana, kwa kuwa rangi yake na ya ganda ni za ukoo mmoja. Yai la kahawia hutoka na rangi ya mninga uliopigwa msasa, na michirizi inaonekana bado. Isitoshe, kahawia ya yai hukaa zaidi kwenye tabaka la nje, kuku huiweka saa za mwisho kabla ya kutaga, na siki inaweza kuipunguza. Loweka yai kwenye siki kwa dakika chache, lisugue kwa kitambaa, nawe utaona kahawia ikitoka kwenye kitambaa na ganda likipauka. Usizidishe, ganda litakuwa jembamba na kupasuka jikoni. Wanaofuga kuku wa kienyeji wachague mayai meupe zaidi kwenye viota wiki moja kabla. Mayai ya siku kadhaa yana faida nyingine, humenyeka kirahisi kuliko yaliyotagwa jana.

Wapo watakaosema mayai ni ghali na kuyachezea ni kufuru ya chakula. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu kwa nyumba nyingi yai bado si kitu cha kila siku. Lakini ndiyo hoja inayoipa nguvu njia ya vitunguu kuliko nyingine zote. Yai linachemshwa mara moja tu, kwa moto ule ule ambao ungelichemsha kwa kifungua kinywa, na pambo linaundwa wakati wa kuchemka. Hakuna cha kupuliza wala cha kumwaga, na chumvi ikiwa mezani, kinachosalia baada ya mlo ni kaka la kutia bustanini. Kinachotakiwa ni kulitunza kama chakula. Mamlaka za Marekani hushauri yai lililochemshwa lisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na lililomo kwenye friji liliwe ndani ya wiki moja. Kuchemsha na kusugua kumeondoa ule utando wa kinga, hivyo yai lililopikwa huharibika haraka kuliko bichi. Nyumba isiyo na friji ichemshe asubuhi ya Pasaka na kula asubuhi hiyo hiyo. Lenye ufa lisilowekwe muda mrefu, liliwe kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la imani na utamaduni: kwamba mayai ya Pasaka ni mabaki ya upagani wa Ulaya, au kwamba ni desturi ya wageni isiyotuhusu. La upagani husimuliwa kwa ujasiri mwingi kuliko ushahidi wake. Mtawa Mwingereza Bede, aliyeandika mwaka 725, ndiye chanzo cha habari ya mungu wa kike Eostre, na maelezo yake ni mistari michache ambamo hamna yai hata moja. Chanzo kilicho wazi ni mfungo. Kanisa la Zama za Kati lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, ila kuku hawakuambiwa wasitage, na mayai yaliyorundikana kwa siku 40 yalifika mezani siku ya Pasaka yakiwa na heshima mpya. Hesabu za nyumba ya mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza za mwaka 1290 zinaonyesha peni 18 zilizolipwa kwa mayai 450 yaliyotiwa rangi au kuvishwa dhahabu kwa ajili ya Pasaka, na kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kina sala ya kubariki mayai. Waorthodoksi wa Ugiriki huyatia rangi nyekundu siku ya Alhamisi Kuu, wakikumbuka damu ya Kristo. Anayeona mambo hayo hayamfai kiimani ana haki ya kuyaacha, lakini ayaache kwa kuyajua yalivyo.

Ama ugeni, tutazame bara letu. Katika pango la Diepkloof, Afrika Kusini, wachimbaji walipata vipande vya maganda ya mayai ya mbuni vilivyochorwa mistari iliyopangwa, vya miaka kama 60,000 iliyopita, miongoni mwa nakshi za kale kabisa zilizofanywa na mikono ya binadamu. Juu ya mapaa ya makanisa mengi ya Kiorthodoksi ya Ethiopia, mayai ya mbuni huzunguka msalaba. Wakristo wa Ethiopia hufunga siku 55 bila nyama, maziwa wala mayai, na mfungo ukiisha hula mchuzi mwekundu wa kuku wenye mayai mazima ya kuchemsha, ambayo hukaa kwenye viungo mpaka yapate rangi. Misri tumekwisha kuitaja. Tanzania na Kenya hazina desturi ya kupamba mayai, na hakuna sababu ya kudai kwamba tulikuwa nayo tukaisahau. Lakini Afrika imekuwa ndani ya habari hii tangu mwanzo wake, na anayeijaribu Dodoma au Kakamega hakopi kitu cha bara jingine peke yake.

Kwa hayo yote uamuzi wangu ni huu. Rangi za chakula zitumike na anayezitaka, kwa kiasi na kwa mafuta, hasa kwa mayai meupe. Povu na rangi ya kucha zibaki kwa makaka matupu. Nyumba inayojaribu kwa mara ya kwanza, yenye watoto, bajeti ndogo na mayai ya kahawia, ianze na vitunguu. Mkubwa ashughulike na sufuria na maji ya moto, watoto wapange maganda, wachague majani na wazungushe uzi, kisha kila mmoja afungue kifurushi chake. Mayai 12 yanahitaji maganda ya vitunguu 12 au zaidi, na nyumba nyingi hazitakuwa nayo kwa siku moja. Anza kuyaweka tangu Jumatano ya Majivu, kila unapokata kitunguu, ukichukua yale makavu ya nje tu. Yaweke kwenye kikapu kilicho wazi au mfuko wa karatasi, wala si kwenye plastiki iliyofungwa, maana yakipata unyevu huota ukungu na hayafai tena kukaribia chakula.